Hisa saba za bi mkubwa

Mie kazi yangu ni komplayansi, yaani kuhakikisha kampuni inafuata sheria, Jersey, kile kisiwa kidogo kando ya Ufaransa ambacho pesa yake ni pauni lakini ukiwaambia wenyewe wako Uingereza watanuna siku nzima. Nlikuja kama odita, manake kampuni za ukaguzi za huku huajiri watu kutoka Nairobi nami nlikuwa na CPA yangu, cheti cha uhasibu, na miaka minne ya kuhesabu stoo za watu Industrial Area, baadaye nikahamia kampuni ya trasti, ndogo, watu kama arobaini, ghorofa ya pili, jina lake sitalitaja na mtanisamehe kwa hilo.

Mamangu aliniuliza kwa simu, sasa hiyo trasti ni nini, ni benki? Nkajaribu kumweleza, kuna mtu ana mali, anaikabidhi kwa mwingine aishike kwa faida ya watoto na wajukuu, na yule anayeshika si yake, kazi yake ni kuitunza na kugawa kama alivyoambiwa kwenye hati. Akanikatiza, "Aah, basi nyinyi ni mamutawalli." Nkacheka lakini kwa kweli sijapata maelezo mazuri kuliko hayo. Kwetu Mji wa Kale mjomba wangu ni mutawalli wa wakfu wa familia, nyumba moja na vyumba vya biashara chini, na kila mwaka wakati wa kugawa kodi kunakuwa na maneno. Nkamwambia mama, tofauti ni kwamba huku mutawalli ni kampuni, na kampuni ina hisa, na hisa zauzwa. Kimya. Halafu, "Yaani mtu aweza kununua umutawalli?"

Ndo swali lenyewe hilo. Miaka yangu yote hapa nimekuwa nikilijibu kwa makaratasi.

Manake fikiria, baba yako ameweka mali kwa kampuni fulani kwa sababu aliwajua wenyewe, walikuwa watu wa heshima, walikunywa chai pamoja. Miaka 20 baadaye wale wazee wanataka kustaafu wanauza hisa zao kwa mtu mwingine. Kwenye hati za trasti hakuna kilichobadilika hata nukta, kampuni ni ileile, jina lileile, namba ileile ya usajili, anayeshika mali kisheria ni yuleyule. Lakini anayekaa nyuma ya kampuni na kuamua nani awe dairekta ni mtu mpya kabisa, na wewe mwenye haki ya ile mali hukuulizwa, pengine hata hukuambiwa mpaka barua ikaja na nembo mpya. Hakuna anayekuulizia isipokuwa msimamizi wa serikali, na huku huyo ni tume ya huduma za fedha ya Jersey, sisi tunaiita Kamisheni tu.

Zamani hata hiyo haikuwepo kwa biashara ya trasti. Serikali ya Uingereza ilimtuma mtu aitwaye Andrew Edwards kuja kuangalia usimamizi wa visiwa hivi, ripoti ikatoka 1998, na kati ya mambo yaliyofuata ni kwamba biashara ya kushika mali za watu ikawekwa chini ya leseni, kuanzia 2001. Wazee wa ofisini waliokuwepo kabla ya hapo wanasimulia kama watu wetu wanavyosimulia siku ambazo matatu hazikuwa na mikanda.

Sheria yenyewe ukiitoa maneno yake mengi inasema hivi: ukitaka kushika asilimia 10 au zaidi ya hisa au kura za kampuni ya trasti, peke yako au pamoja na washirika wako, wewe ni mtu mkuu wa hiyo kampuni, na huwi mtu mkuu mpaka umeiarifu Kamisheni kwanza nayo ikasema haina pingamizi. Dairekta pia ni mtu mkuu hata kama hana hisa moja. Neno la kushika hapo ni KWANZA. Hununui ndo ukaenda kuomba. Na pia hawakupi ruhusa, wanasema hawana pingamizi, mwanzoni niliona ni mchezo wa maneno lakini nshaelewa, hawataki uende ukitamba kwamba Kamisheni imekuchagua.

Watu wengi huchanganya hii 10 na ile 25. Ile 25 ni ya mmiliki halisi, ya kujaza kwenye rejista ya makampuni nani hasa anamiliki zaidi ya asilimia 25, na hiyo ni kwa makampuni yote hata ya kuuza samaki. Nyumbani Kenya kwa benki nako kuna hesabu zake, hisa zaidi ya asilimia 5 zikihama lazima Benki Kuu ikubali kwa maandishi kabla, na mtu binafsi hatakiwi kupita 25. Kila mahali pana namba yake na ukizibeba kichwani kwa pamoja utajikwaa, kama nlivyojikwaa mie, ingawa kosa langu halikuwa la kusahau namba. Namba niliijua. Nlisahau hesabu ya darasa la tano.

Ilikuwa hivi. Kampuni yetu ilikuwa na hisa 1,000, rahisi kabisa. Bosi mkubwa 404. Mwenzake 250. Mfuko wa wafanyakazi 150. Dairekta mmoja aliyekuwa akistaafu 100. Na bi mkubwa mmoja, mjane wa mmoja wa waanzilishi, 96. Bi mkubwa hakuwa dairekta, haji ofisini, anapokea gawio lake mara mbili kwa mwaka na kila Krismasi anatuma keki nzito kama tofali. Asilimia 9.6. Mtu aliyegawa zile hisa zamani alijua anafanya nini, alimweka chini ya 10 makusudi ili asisumbuliwe.

Sasa yule dairekta akastaafu. Wakakubaliana kampuni yenyewe inunue hisa zake 100 kisha izifute. Mie nlikuwa na miezi minane pale, nikapewa kazi ya kuandaa makaratasi, nkaandaa nikaona niko vizuri. Azimio la bodi, sawa. Cheti cha kwamba kampuni itaweza kulipa madeni yake baada ya kununua, sawa. Taarifa kwa Kamisheni kwamba fulani si dairekta tena, nlituma siku ileile, bosi akanipongeza kwa imeili. Hakuna aliyenunua hisa hata moja, si ndio? Mtu ametoka tu. Hakuna mtu mpya aliyeingia, sasa nani wa kumwarifia?

Wiki tatu baadaye benki wakaomba chati mpya ya wamiliki. Nkafungua Excel, nkaweka 96 gawa kwa 900, nikabonyeza. 10.67.

Nkarudia nkidhani nimekosea. 10.67. Wallahi nlihisi baridi kutoka visigino mpaka kisogoni. Bi mkubwa amekuwa mtu mkuu wa kampuni ya trasti akiwa amekaa nyumbani anamwagilia maua, hajasaini kitu, hajalipa senti, hajui. Na si yeye tu, yule wa 250 aliyekuwa asilimia 25 kamili amefika 27.8, kwa hiyo hata ile rejista ya wamiliki halisi imebadilika nami sijaigusa. Chini ya mguu wa kila mtu sakafu imesogea na mie ndo nlioshika kipimo.

Nakiri, kwa muda wa kama nusu saa nliwaza mambo ya kijinga. Nliwaza labda nisubiri, si mwisho wa mwaka tutaweka kila kitu sawa, nani atapiga hesabu. Nkaenda jikoni nkajitengenezea chai nkaimwaga. Halafu nkaenda kwa mkuu wetu wa komplayansi, mama mmoja wa Kiskoti ambaye huwa hapandishi sauti na ndo maana watu wanamwogopa. Akaitazama ile namba, akauliza swali moja tu, "Umegundua saa ngapi?" Nkamwambia. Akatazama saa yake, akachukua simu akaipigia Kamisheni nikiwa nimesimama palepale, baada ya kukata akaniambia sasa kaa uandike tulichosema, tarehe, nani alifanya nini, bila kupamba. Kwenye kanuni zao kuna sharti la kuwa muwazi nao na kushirikiana nao, mie nlikuwa nlisoma hicho kipengele nikakipita kama watu wanavyopita maneno ya "soma maelekezo kabla ya kutumia". Siku ile ndo nlielewa wanachopima ni muda ulio kati ya kujua na kusema.

Sitawadanganya, hatukupigwa faini. Tuliulizwa maswali, mengi, mengine yakiwa na aibu ndani yake. Ni nani alikagua kabla ya kufuta hisa? Mna utaratibu gani? (Hatukuwa nao.) Likaandikwa kwenye daftari letu la makosa kwa herufi zangu mwenyewe. Na wakataka bi mkubwa ajaze fomu ya maelezo binafsi kama mtu mkuu yeyote.

Basi tukaenda kwake, mie na mwanasheria, St Ouen kule magharibi ambako upepo wa baharini hauna adabu. Ana miaka 79. Akatupa chai, akavaa miwani, akaanza kusoma zile kurasa. Umewahi kufilisika? Umewahi kushtakiwa? Umewahi kuwa dairekta wa kampuni gani maisha yako yote, na ikawaje? Leseni yoyote uliyowahi kunyimwa? Akafika mahali akavua miwani akanitazama mie, si mwanasheria, "Sijanunua hata hisa moja." Nkasema ndio, bibi, hukununua. "Basi nimefanya nini?" Nkasema hujafanya kitu, wengine wamepungua. Akasema hiyo ni kama kumkamata mtu kwa sababu jirani zake wamehama.

Kwa kweli sikuwa na jibu zuri na mpaka leo naona ana haki ya kukasirika. Lakini nimekaa na hilo swali nkaona sheria haina njia nyingine, manake wangeacha mlango wa "mie sikununua" kila mjanja angeupita, angeshika asilimia 9 kisha kampuni inunue hisa za wengine wote mmoja mmoja mpaka abaki yeye na sahani. Wanachoangalia ni mkono wako una nguvu kiasi gani leo, namna ulivyoipata ni hadithi ya baadaye.

Mwanasheria akampa njia ya mkato, uza hisa chache ushuke chini. Akauliza ngapi. Mwanasheria akasema sita. Mie nkiwa nimeshaungua na mgawanyo nkatoa simu nikapiga hesabu palepale mezani, ukitoa sita zabaki 90, na 90 kwa 900 ni asilimia 10 kamili, na sheria inasema 10 au zaidi. Nkasema si sita, ni saba. Mwanasheria akakohoa. Bi mkubwa ndo mara ya kwanza akacheka siku ile, akasema angalau mmoja wenu amesoma. Halafu akasema hauzi hata moja, hizi ni hisa za mume wangu, nitajaza fomu yenu.

Akaijaza kwa mkono, kurasa zote, hata biashara ya maua aliyoifunga miaka ya themanini ameiweka. Baada ya muda likaja jibu la hakuna pingamizi. Nlimpelekea mwenyewe nakala.

Kutoka hapo nlitengeneza jedwali ambalo linatumika mpaka leo, na si la ajabu, lina safu mbili tu za maana, hisa kabla na hisa baada, za KILA mtu, hata asiyehusika. Hisa mpya zikitolewa, zikifutwa, zikigawanywa kwa aina mbili zenye kura tofauti, mtu akifa, mtu akitalikiwa, hisa zikiwekwa rehani, jedwali linapigwa upya kabla ya bodi kukaa. Talaka watu huisahau sana. Na washirika pia, manake mke na mume wakiwa na 6 na 5 hawahesabiwi kila mtu na yake, wanaunganishwa.

Miaka miwili baadaye wenyewe wakaamua kuuza kampuni yote. Huku imekuwa kama msimu, kampuni nyingi za trasti za Jersey zilizokuwa za wazee watatu wanne zimemezwa na makundi makubwa, nyingine na mifuko ya wawekezaji binafsi, nyingine zikaenda sokoni kama JTC iliyoorodheshwa London 2018, na Sanne iliyoorodheshwa London 2015 ikaja kununuliwa na Apex 2022. Mnunuzi wetu alikuwa kundi lenye mfuko nyuma yake.

Hapo ndo nliona kazi ya msimamizi kwa ukubwa wake. Chati ya mnunuzi ilikuwa na masanduku kumi na saba, kampuni juu ya kampuni, Luxembourg, Uingereza, halafu ushirika wa uwekezaji, halafu meneja wa ushirika, na kila sanduku swali ni lilelile, juu yake kuna nani, mpaka ufike kwa binadamu mwenye pasipoti. Wakati mwingine hakuna binadamu mwenye 10, basi unatafuta nani anaamua, nani anaweza kumfukuza dairekta. Halafu pesa. Si kwamba pesa ipo tu, imetoka wapi, na kama ni mkopo, nani ataulipa na kwa nini? Manake ukinunua kampuni ya trasti kwa deni kubwa, deni litalipwa kwa ada za wateja, na ukibanwa utafanya nini, utapandisha ada, utapunguza watu, yule msimamizi wa faili 60 atapewa 110, na hapo ndo mali ya yatima wa mtu inaanza kukosa wa kuitazama. Wakauliza mpango wa biashara, akiba ya pesa taslimu, bima ya makosa ya zamani itabebwa na nani, na nani kati ya wakubwa anabaki, manake lazima wawepo angalau watu wawili wazoefu wanaoendesha kweli, macho manne wanasema, mmoja hawezi kujikagua.

Sie Wakenya tukiwa huku swali la "juu yake kuna nani" halitufurahishi sana, manake 2016 kwenye mahakama ya hapahapa kampuni ya Jersey iitwayo Windward Trading ilikiri makosa ya kutakatisha fedha za hongo zilizohusu kampuni yetu ya umeme, zikataifishwa zaidi ya pauni milioni 3.2 na dola zaidi ya laki 5. Mara yangu ya kwanza kwenye mafunzo mwalimu akaitoa kama mfano na chumba kizima kikageuka kunitazama mie. Nkasema na bili yangu ya stima ilikuwa humo.

Tulikuwa pia na ofisi ndogo Guernsey, kisiwa jirani, na wale wana Kamisheni yao na hesabu yao, kule kontrola wa hisa, yaani mwenye hisa anayehesabiwa kuwa na usukani, ni kuanzia asilimia 15 lakini hata mwenye 5 wanataka kumjua. Kwa hiyo mkataba ukasainiwa lakini haukukamilika, ukaandikwa kwamba utakamilika visiwa vyote viwili vikisema havina pingamizi. Kati ya kusaini na kukamilisha ni kama posa imekubaliwa lakini nikaha bado. Mnaonana sebuleni, mlango wazi.

Vijana wa mnunuzi hawakulijua hilo. Wiki ya pili tu mmoja akaniandikia imeili ananiomba orodha ya wateja na majina yao kamili "ili tuanze kupanga", na mwingine akatuma ada mpya zianze Januari, na wa tatu akataka kukaa kwenye kikao cha bodi. Walikuwa na haraka ya kawaida ya mtu aliyelipa deposit. Nliwajibu, na hii imeili naipenda mpaka leo, kwamba kwa sasa nyinyi ni wageni, majina ya wateja ni siri ya wateja si mali ya muuzaji, na mkianza kutoa amri kabla ya barua mtakuwa mnaendesha kampuni yenye leseni bila kuwa mmekubaliwa, na maelezo mtaandika nyinyi. Kijana wa ada akapiga simu kwa bosi kulalamika. Bosi akamwambia, muulize huyo binti habari za hisa saba.

Jibu la Jersey likaja. La Guernsey likachelewa, likaja na maswali mapya, likajibiwa, likaja. Tukakamilisha siku ya Alhamisi saa nne asubuhi kwenye simu, dakika kumi na mbili, watu wakasema hongera, mie nkaenda kutuma barua kwa wateja.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja ambaye baba yake aliweka trasti kwetu kabla sijazaliwa. Aliuliza kwa utaratibu sana, "Kwa hiyo mmeniuza?" Nkamweleza kwamba trasti yake haijauzwa, ni hisa za kampuni, na akitaka anaweza kuuliza habari za kuhamisha kwenda kwa trastii mwingine, yaani mshika mali mwingine, hati yake inaruhusu. Akasema atafikiria. Hajahama. Ila kila robo mwaka sasa anapiga kuuliza nani ni dairekta.

Na bi mkubwa aliuza hisa zake zote 96 pamoja na wenzake, kwa bei nzuri. Nlimpigia mchana uleule kumpongeza, na pia kumwambia kwamba kwa kuwa ameacha kuwa mtu mkuu inabidi Kamisheni waarifiwe, na kuna sehemu nahitaji athibitishe tarehe.

"Fomu nyingine," akasema.

Nkasema ndogo tu, bibi, ukurasa mmoja.

Akaniambia nije nayo Jumamosi, na nimrudishie kalamu yake, ile niliyoondoka nayo mara ya kwanza.